Mimba za Utotoni Unguja: Tupime Kazi, Tusihesabu Semina

Makada wanaofanya kazi katika mashina na matawi ya Unguja wamezoea kusikiliza ripoti za namna moja kuhusu mapambano dhidi ya mimba za utotoni. Ripoti husema kwamba semina kadhaa zimefanyika, wanafunzi kadhaa wamehudhuria, vipeperushi kadhaa vimegawiwa, na masheha pamoja na viongozi wa dini wameahidi kushirikiana. Wajumbe hupiga makofi, muhtasari huandikwa, na mpango huhesabiwa kuwa umefanikiwa. Ni nadra kumwona mjumbe akisimama kuuliza: baada ya kazi yote hiyo, ni wasichana wangapi wamebaki skuli ambao wangalitoka, na ni wanaume wangapi waliowaharibu watoto wamefikishwa mbele ya sheria?

Suali hilo ndilo tunalokusudia kulijadili. Hoja yetu ni kwamba mipango mingi ya kuzuia mimba za utotoni imejengwa juu ya nadharia isiyo sahihi. Nadharia hiyo humchukulia msichana kuwa ndiye chanzo cha tatizo, na huuchukulia ujinga wake kuwa ndio ugonjwa. Kwa hiyo dawa yake ni kumhubiria. Ushahidi uliokusanywa Tanzania na kwa jirani zetu unaonyesha mambo mengine. Kinachozuia mimba hasa ni msichana kubaki skuli, kumjua kwa usahihi mwanamume aliye hatari kwake, na jamii kumwajibisha mwanamume huyo hata akiwa ndugu, jirani au mtu mwenye fedha. Mpango usiogusa mambo hayo matatu ni mpango wa maneno.

TAKWIMU NA HATARI YA KURIDHIKA

Tuanze na yale yanayostahili sifa. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16, asilimia 27 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22. Zanzibar imekuwa chini sana ya kiwango cha Bara. Wapo wanaolieleza jambo hilo kwa malezi ya familia na mafunzo ya dini, na hawakosei. Lakini wasisahau pia uamuzi wa tarehe 23 Septemba 1964, Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bure. Nchi iliyowafungulia watoto wa kike wa wakulima na wavuvi milango ya skuli ilikuwa imeanza kuzuia mimba za utotoni kabla neno hilo halijaingia katika ripoti yoyote.

Hata hivyo hapana budi tuulize kila takwimu inahesabu nini. Mwalimu mkuu humhesabu mwanafunzi aliyepata mimba. Polisi na Kituo cha Mkono kwa Mkono huihesabu kesi iliyofikishwa kwao. Uchunguzi wa kaya humhesabu kila msichana aliyezaa, awe ameolewa au hajaolewa. Sasa tuchukue mfano wa msichana wa miaka 16 anayeozwa kwa haraka kwa sababu tumbo limeanza kuonekana. Katika daftari la skuli ataandikwa kuwa ameacha masomo. Katika daftari la polisi hayumo kabisa. Katika shehia amekuwa mke wa mtu, na mke wa mtu hazungumzwi. Uchunguzi wa kaya peke yake, unaofanywa mara moja katika miaka kadhaa, ndio utakaomwona.

Kwa hiyo mpango unaojipima kwa daftari la skuli waweza kutangaza ushindi mwaka uleule ambao wasichana wa kijiji wanaozwa kwa siri. Kada anayepokea ripoti bila ya kuuliza daftari lipi limetumika anapokea ushindi wa karatasi.

SHERIA ILIYOMFUNGA MSICHANA

Nadharia ya kumwona msichana kuwa ndiye chanzo haikuletwa na semina za leo. Ilikwisha kuandikwa katika sheria yetu wenyewe. Mwaka 1985 Zanzibar ilitunga sheria ambayo kwa jina lake ilikusudiwa kuwalinda wari, wajane na wanawake walioachwa. Chini ya sheria hiyo mwanamke asiye na mume aliyepata mimba aliweza kufungwa gerezani hadi miaka miwili. Mwanamume naye aliwekewa adhabu, tena kubwa zaidi, hadi miaka mitano.

Msomaji wa juujuu atasema kwamba sheria ilikuwa ya haki kwa kuwa ilimwadhibu mwanamume zaidi. Lakini sheria husomwa katika utekelezaji wake. Mimba ni ushahidi unaotembea barabarani, na kila jirani huuona. Mwanamume hana tumbo. Yeye hukana, husafiri, hutuma wazee, na shauri hubaki kuwa neno la msichana dhidi ya neno lake. Matokeo yake ni kwamba adhabu ndogo ilikuwa rahisi kumpata mwanamke, na adhabu kubwa ilikuwa vigumu kumpata mwanamume. Tena sheria ya namna hiyo hufundisha kuficha. Msichana anayeogopa jela haendi hospitali mapema, hamwambii mwalimu, hamtaji aliyempa mimba, na aghalabu hukimbilia kuitoa mimba kwa njia za hatari.

Mwaka 2005 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria mpya ya kumlinda mwari na mtoto wa mzazi mmoja. Kifungo cha mwanamke kiliondolewa, mahali pake pakawekwa kazi za kuitumikia jamii, na adhabu ya kifungo ikabaki kwa mwanamume. Ilikuwa ni hatua mbele, ingawa bado msichana aliendelea kuhesabiwa kuwa mkosaji. Mwaka 2010 Zanzibar iliweka utaratibu wa kumruhusu msichana aliyezaa kurudi skuli. Mwaka 2011 ikaja Sheria ya Mtoto Namba 6, inayotamka kwamba kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa mwaka 2015, na tuna haki ya kujivunia.

Ndugu zetu wa Bara walichelewa katika suala hili. Kanuni za mwaka 2002 zilitumika kuwafukuza wasichana wenye mimba, na ilikuwa Novemba 2021 ndipo Waziri wa Elimu alipotangaza kwamba waliokatizwa masomo kwa sababu ya mimba wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Visiwa vilitangulia kwa miaka 11. Lakini ruhusa ya kurudi peke yake haimrudishi mtu. Msichana aliyezaa anahitaji mtu wa kumlelea mtoto asubuhi, anahitaji sare mpya, anahitaji mwalimu atakayemnyamazisha anayemcheka darasani. Waraka hauleti hata kimoja kati ya vitu hivyo. Vinaletwa na watu wa shehia, au havipatikani.

MWANZA NA BUSIA ZINATUFUNDISHA NINI

Nadharia husahihishwa na vitendo. Ili tujue kama mafunzo peke yake yanazuia mimba, tutazame mahali ambapo jambo hilo lilipimwa kwa makini na kwa miaka mingi.

Mkoani Mwanza, kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, ulifanywa mpango ulioitwa Mema kwa Vijana. Jamii 20 zilichaguliwa. Nusu zikapewa mpango na nusu zikaachwa kwa ajili ya kulinganisha. Katika jamii zilizopewa mpango, wanafunzi wa skuli za msingi walifundishwa afya ya uzazi, wauguzi walifunzwa kuwapokea vijana kwa heshima, na wanakijiji walihamasishwa. Vijana hao walifuatiliwa, na wakapimwa tena mwaka 2007 na 2008. Matokeo yalikuwa wazi. Ujuzi wa vijana uliongezeka, na uliendelea kubaki vichwani mwao miaka mingi baadaye. Lakini maambukizo ya virusi vya UKIMWI hayakupungua kuliko kwenye jamii nyingine, na mimba nazo hazikupungua. Vijana walijua zaidi, na maisha yao yaliendelea kama ya wenzao.

Upande wa magharibi mwa Kenya, katika eneo la Busia, jaribio jingine lilianza mwaka 2003 katika skuli 328. Baadhi ya skuli, walimu walifunzwa kufundisha mtaala rasmi wa UKIMWI uliosisitiza kusubiri hadi ndoa. Baadhi, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare za skuli bure. Mafunzo ya mtaala peke yake hayakupunguza mimba. Sare zilipunguza. Katika muda wa miaka mitatu, wasichana walioacha masomo walishuka kutoka asilimia 19 hadi 16, na waliopata mimba walishuka kutoka asilimia 16 hadi 13. Kipande cha kitambaa kilifanya kazi ambayo mhadhara haukuifanya, kwa sababu kitambaa kilimbakisha msichana darasani.

Katika eneo hilohilo, skuli 71 zilipewa kipindi kimoja kifupi tu. Wasichana hawakuambiwa wajizuie. Walielezwa ukweli mmoja: kwamba wanaume wakubwa wana maambukizo mengi zaidi kuliko wavulana wa rika lao. Mimba zilipungua kwa asilimia 28. Hapa napo tuna fundisho. Habari iliyomsaidia msichana ilikuwa habari juu ya mwanamume, umri wake na hatari yake. Mahubiri juu ya tabia ya msichana hayakumpa silaha hiyo.

Wako pia wanaoamini kwamba msichana akitishwa vya kutosha ataogopa. Huko Perth, Australia, skuli 57 ziliingizwa katika jaribio ambalo baadhi ya wasichana walipewa midoli inayolia usiku kama mtoto mchanga ili waonje taabu ya ulezi. Walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 20, asilimia 8 ya waliopewa midoli walikuwa wamezaa, na miongoni mwa wenzao ambao hawakupewa ni asilimia 4. Kitisho hakikuzuia kitu. Wanaotaka kuleta vitisho vya namna hiyo katika skuli zetu wajue kwamba vimekwisha kujaribiwa vikashindwa.

Hatusemi kwamba elimu ya uzazi haifai. Mtoto ana haki ya kuujua mwili wake. Tunasema kwamba elimu hiyo ikitengwa na hali halisi ya maisha ya msichana haitoshi, na kiongozi anayeitegemea peke yake anajidanganya na anawadanganya wananchi.

KUNGWI, MADRASA NA HALI YA MAISHA

Hapa Unguja wapo wanaopinga hata hiyo elimu ndogo. Husema kwamba kufundisha mambo ya uzazi ni kuiga wageni na kuchochea uasherati. Hoja hii ijibiwe kwa heshima, kwa kuwa wanaoisema wengi ni wazee wema, lakini ijibiwe.

Mtoto anayesoma madrasa katika kisiwa hiki husoma fiqhi. Husoma hukumu za hedhi na nifasi, husoma josho la janaba, husoma eda. Mambo hayo husomwa na watoto mbele ya maalimu bila ya mtu kuona aibu, kwa sababu ni elimu. Kabla ya skuli za kisasa, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi akafundishwa unyago. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa uimbaji, na hapa kwetu alijulikana vilevile kwa kazi yake ya ukungwi. Basi kumfundisha msichana habari za mwili wake ni desturi yetu ya zamani.

Lakini tusiutukuze unyago bila ya kuuchambua. Kungwi alimwandaa mwari kwa ajili ya ndoa. Alimfundisha namna ya kumpokea mume. Hakumfundisha namna ya kumkataa mwenye gari anayemngoja njia ya skuli, wala namna ya kumshitaki ami yake. Jamii iliyomwozesha msichana mara tu baada ya kuvunja ungo haikuyahitaji mafunzo hayo. Jamii ya leo, inayomtaka asome hadi umri wa miaka 18 na zaidi, inayahitaji. Hivyo kazi iliyo mbele yetu ni kuichukua desturi, kuishika heshima yake, na kuijaza maudhui mapya.

Tena tuitazame hali ya maisha. Pwani ya mashariki, kuanzia mwaka 1989, kilimo cha mwani kiliwapa wanawake fedha yao wenyewe, na hadi leo wakulima wengi wa zao hilo ni wanawake. Lakini maji yakitoka, mama huwa baharini, na mara nyingi binti mkubwa ndiye anayebaki na wadogo zake. Bei ya mwani ikiwa ndogo, binti huyo hukosa sare, nauli na daftari. Pwani hiyohiyo imejaa mahoteli, na penye mahoteli pana wanaume wenye fedha taslimu. Mtoto wa mwenye uwezo, akikosa nauli, hupelekwa na gari ya baba yake. Mtoto wa maskini akikosa nauli hupewa "lifti". Anayehubiri maadili kwa watoto hawa wawili kwa maneno yaleyale, bila ya kuona tofauti ya tabaka baina yao, hajaelewa somo lake.

MUHALI

Linabaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni muhali. Kila mwenyeji wa visiwa hivi analijua neno hili. Mwanamume aliyemharibu mtoto ni mtoto wa shangazi, au ni jirani aliyekopesha mchele mwezi uliopita, au ni mtu ambaye familia yake imezikana na familia hii kwa vizazi vitatu. Wazee wa pande mbili hukaa barazani. Husemwa kwamba shauri la nyumbani limalizwe nyumbani. Hutolewa fedha, au hufungwa ndoa. Shahidi aliyekwenda polisi jana leo hasikumbuki kitu. Msichana haulizwi.

Serikali imejenga vyombo vya kupambana na hali hiyo. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, ili mtoto apate daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Sheria mpya ya jinai ilitungwa mwaka 2018. Mwaka 2021 mahakama maalumu za makosa ya udhalilishaji zilianza kazi Unguja na Pemba. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa takwimu za udhalilishaji kila mwezi, na takwimu hizo huonyesha mwezi baada ya mwezi kwamba wanaofanyiwa vitendo hivyo wengi ni watoto. Wanasheria wanawake wa ZAFELA na waandishi wa TAMWA Zanzibar wamepiga kelele kwa miaka mingi juu ya kesi zinazofia njiani kwa sababu ya sulhu za kifamilia.

Vyombo tunavyo. Lakini mahakama haiwezi kumhukumu mtu ambaye shahidi wake amenyamazishwa barazani. Baraza ndipo mapambano yalipo, na baraza ni uwanja wa kada, kwa sababu yeye ndiye anayekaa hapo kila jioni. Semina hufanyika katika ukumbi wa Mji Mkongwe ukiwa na baridi ya mashine; sulhu ya kumwokoa mkosaji hufanyika chini ya mwembe. Chama kisipokuwapo chini ya mwembe, kuwapo kwake ukumbini hakumsaidii mtoto yeyote.

Tena tuseme waziwazi: kada anayeketi katika sulhu ya namna hiyo ameiuza dhamana aliyopewa. Haijalishi kwamba hakupokea senti. Muhali ni rushwa inayolipwa kwa undugu, na haki huuawa nayo vilevile.

MASUALI MANNE

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika kila tawi, mpango wa kuzuia mimba za utotoni, uwe wa Serikali, wa jumuiya au wa mfadhili, upimwe kwa masuali manne.

Kwanza, ni wasichana wangapi wa shehia hii walianza kidato cha kwanza, na ni wangapi wamefika kidato cha nne? Majina ya waliopungua yajulikane na sababu ya kila mmoja ijulikane, ikiwa ni pamoja na walioozwa.

Pili, ni wasichana wangapi waliozaa wamerudi skuli, na ni nani anayewalelea watoto wao wakiwa darasani? Kama hakuna, jumuiya ya wanawake katika tawi ifanye kazi hiyo, maana hiyo ni siasa kwa vitendo.

Tatu, ni kesi ngapi zimefunguliwa, ngapi zimefika mahakamani, na ngapi zimefia njiani? Zilizofia njiani zijadiliwe mkutanoni, pasina kumtaja mtoto wala kumwaibisha.

Nne, fedha za mpango zimetumika wapi? Kiasi gani kimekwenda kwenye posho za wahudhuriaji, na kiasi gani kimemfikia msichana kama sare, nauli, taulo na daftari? Wafadhili wanapenda picha za ukumbi uliojaa. Wananchi wana haki ya kudai hesabu ya aina nyingine.

Masuali haya hayahitaji mtaalamu kutoka nje. Yanahitaji daftari, kalamu na moyo wa kutoona muhali. Wanafunzi wanaosoma makala hii, hasa wavulana, wajue kwamba nao wamo. Atakayeona rafiki yake mkubwa akimngoja mtoto njiani akanyamaza, amekwisha kuchagua upande. Makada wayachukue masuali haya katika mkutano ujao wa tawi, na wasiondoke mpaka yamejibiwa kwa namba.